Nara na Swali la Ukale

Mgeni aingiaye katika hekalu la Todai-ji mjini Nara huelezwa kwamba liliasisiwa katika karne ya 8, na ni kweli. Hata hivyo, jumba analolitazama lilikamilika mwaka 1709. Ukale wake basi umo katika nini?

Nara ilikuwa makao makuu ya Japani tangu mwaka 710 hadi 784. Mwaka 743 Mfalme Shomu aliamuru isubiwe sanamu kubwa ya Budha kwa shaba, nayo ikazinduliwa mwaka 752. Jumba lake la mbao liliteketea vitani mara mbili, mwaka 1180 na mwaka 1567. Baada ya moto wa kwanza, mtawa Chogen, aliyekwisha kutimiza miaka 60, aliongoza uchangishaji na ujenzi. Lango Kuu la Kusini alilolisimamisha mwaka 1199 lipo hadi leo. Baada ya moto wa pili, sanamu ilikaa nje kwa miongo mingi, ikipigwa na jua na mvua, hadi mtawa Kokei alipoanza kukusanya sadaka. Kokei alifariki mwaka 1705, kabla kazi haijakamilika. Jumba lililopatikana lina takriban theluthi mbili tu ya upana wa lile la awali, na nguzo zake ni vipande vya mbao vilivyofungwa kwa pete za chuma.

Katika hekalu jirani la Kishinto la Kasuga, hakungojwi moto. Kila baada ya miaka 20 hivi majengo hukarabatiwa na paa za maganda ya miti kuezekwa upya. Muda huo humtosha mwanagenzi kuwa fundi, naye akafunza mwingine.

Haikuwa ajabu, basi, kwamba Waraka wa Nara kuhusu Uhalisi ulitolewa katika mji huo mwaka 1994. Kipimo kilichotawala hapo awali kilielemea majengo ya mawe ya Ulaya na kutafuta uhalisi hasa katika mali ghafi ya mwanzo. Waraka ulikubali kwamba uhalisi unaweza kupimwa pia kwa umbo, matumizi, mapokeo na ufundi, kila utamaduni kwa misingi yake.

Athari zake zinatuhusu. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi yalipoungua Machi 2010, Japani ilichangia ujenzi mpya kupitia UNESCO, na mwaka 2023 yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Lakini hoja hii ina makali mawili. Abomoaye jengo la kale kwa tamaa anaweza naye kudai kwamba atalijenga upya. Mpaka kati yake na Chogen ni mikono. Huko Kasubi dhamana ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye. Moto huteketeza nyasi, nazo huota tena. Wajuzi wa kuezeka wakiisha bila warithi, kitakachojengwa kitakuwa kivuli cha kilichokuwapo.