Ngoma Ivumayo: Kisa cha Santuri ya «Burundi Black»

Katika makala haya tumekusudia kueleza kisa cha santuri moja ya roki iliyovuma Uingereza mwaka 1971, ambayo mapigo yake yalitoka Burundi. Santuri hiyo iliitwa «Burundi Black». Kisa chake kinatuhusu sisi walimu wa Kiswahili, kwa kuwa hakieleweki vyema pasipo kulichunguza kwanza neno moja: ngoma.

Kwa Kiswahili, ngoma ni ala, na pia ni mchezo unaochezwa kwa ala hiyo. Kwa Kirundi, ingoma ni ala, na pia ni utawala wa mfalme. Mwanafunzi wa Muyinga, mji ulio karibu na mpaka wa Tanzania, anaweza kuzisikia maana hizo zote sokoni kwa siku moja. Hata pwani mambo hayo mawili hayakuwa mbali: Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma na siwa, nazo zilikuwa alama za enzi yake.

Mahali pazuri pa kuifahamu maana ya Kirundi ni Gishora, kilima kilicho karibu na mji wa Gitega. Mapokeo yanasema kwamba mfalme Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, alijenga makao yake hapo baada ya kumshinda mwasi aitwaye Ntibirangwa. Hapo zilitunzwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Iliyozipita zote nchini ni Karyenda, ngoma ya ufalme wenyewe. Katika sikukuu ya Umuganuro, mfalme alipobariki mbegu za mtama, ngoma ndizo zilizoitangaza heshima yake.

Upigaji wake una utaratibu. Ngoma iitwayo inkiranya huwekwa katikati, nayo ndiyo inayoongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushika mapigo yasiyokatika. Ziitwazo ibishikizo humfuata kiongozi. Wapigaji, yaani abatimbo, hupokezana nafasi ya katikati, na kila aingiapo mmoja hucheza na kuruka. Kwa hiyo ngoma hizo huamrishana na kuitikiana.

Tarehe 28 Novemba 1966 ufalme ulifutwa, Burundi ikawa jamhuri. Mwaka uliofuata, Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walizinasa ngoma hizo pamoja na nyimbo nyingine za nchi. Kampuni ya Ocora ikazitoa katika santuri iitwayo «Musique du Burundi». Basi sauti iliyohifadhiwa humo ni ya ingoma, ala, ambayo ingoma yake, yaani utawala, ilikuwa imetoka kuanguka.

Ndipo Michel Bernholc, Mfaransa mpangaji wa muziki aliyejiita Mike Steiphenson, alipoichukua sauti hiyo na kuitandikia kinanda na gitaa juu yake. Jina lililoandikwa kwenye santuri yake lilikuwa Burundi Steiphenson Black. Ilipanda hadi nafasi ya 31 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza. Nchi ilitajwa, wapigaji hawakutajwa.

Mapigo hayo yaliendelea kusafiri. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia sauti iliyonaswa Burundi katika wimbo «The Jungle Line». Kufikia mwaka 1980, bendi ya Adam and the Ants ilikuwa na wapigaji ngoma wawili ili ipate uzito wa namna hiyo, na Bow Wow Wow nao wakaifuata njia hiyo hiyo. Hatimaye, mwaka 1982, abatimbo wenyewe walipanda jukwaani Shepton Mallet, Uingereza, katika tamasha la WOMAD. Miaka 11 baada ya santuri ile, wasikilizaji wakawaona wenye ngoma.

Je, Bernholc alikosea kukopa? Sisi tunaofundisha Kiswahili hatuwezi kuulaani mkopo. Lugha yetu imepokea maneno ya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, ikanawiri. Lakini kamusi nzuri huandika kando ya neno asili yake, na mkopaji anayetaja alikokopa hapungukiwi na kitu. Santuri ile ilichukua kishindo ikaacha utaratibu: inkiranya ikawa inaongoza wasiokuwapo, na waliouita muziki huo wa Waingereza walikuwa wengi kuliko waliojua Gishora iko wapi.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Kwa upande wa santuri, methali imesema kweli. Ilivuma kwa muda tu. Lakini mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mwaka 2017 Serikali ya Burundi ikatoa amri iliyotaka vikundi visajiliwe na kulipia maonyesho, tena ikawakataza wanawake kuzipiga. Ni dhahiri kwamba swali la nani ana haki juu ya ngoma halijaisha hata nyumbani.

Tunawashauri walimu wenzetu waliandike neno ngoma ubaoni kando ya ingoma, kisha wawaulize wanafunzi: mtu akiichukua ya kwanza, je, amepewa na ya pili?