Geji ya mafuta ya pikipiki inadanganya? Fanya hivi kabla hujakwama njiani

Mshale ukisema nusu tangi wakati ndani hamna kitu, hasara haiishii kwa dereva peke yake. Katika njia panda ya Mtambile, kusini mwa Pemba, bodaboda ndiyo inayomtoa mtu wa Kengeja au Mwambe mpaka barabara kuu ya Chake Chake na Mkoani. Abiria huenda anawahi boti ya Unguja bandarini Mkoani, au ni mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Abdalla Mzee usiku. Pikipiki ikizima hapo, kusema "geji yangu mbovu" hakumsaidii.

Lakini geji mbovu si lazima ikukwamishe. Kuna njia za kujua mafuta yaliyobaki bila kuutegemea mshale, na ubovu wenyewe mara nyingi ni mdogo.

Geji inafanyaje kazi?

Ndani ya tangi mna boya dogo lililoshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda boya linapanda, yakishuka linashuka. Mwisho wa mkono huo kuna kijino kinachoteleza juu ya kipande kinachopitisha umeme. Umeme unaopita hapo unabadilika kufuatana na boya lilipo, na mshale wa dashibodi unaufuata umeme huo. Kwa hiyo geji haihesabu lita. Inaonyesha tu boya liko juu au chini.

Ndiyo maana hata geji nzima hukosea. Tangi la pikipiki halina umbo la ndoo. Limekaa juu ya fremu kama shogi juu ya punda: juu limetanuka, chini limegawika pande mbili. Mshale hushuka polepole mwanzoni, ukishafika chini ya nusu unakimbia.

Pemba nayo ni kisiwa cha vilima. Ukipanda, mafuta yanarudi nyuma ya tangi. Ukishuka yanakuja mbele. Ukiegesha kwa stendi ya pembeni, yanalalia upande mmoja. Soma mshale ukiwa sehemu tambarare, pikipiki imesimama wima, na subiri mafuta yatulie.

Hesabu kilomita, usihesabu mshale

1. Jaza tangi, kisha andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.
2. Endesha siku mbili tatu kama kawaida yako.
3. Jaza tena mpaka alama ile ile. Andika lita zilizoingia na kilomita mpya.
4. Gawa kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia.

Mfano: umekwenda kilomita 180 na zimeingia lita 4. Pikipiki yako inakwenda kilomita 45 kwa lita. Ukitia lita 2 una kama kilomita 90, lakini usizipangie zote. Panga 65, zinazobaki ziwe za tahadhari.

Rudia hesabu hii kazi ikibadilika. Msimu wa karafuu, pikipiki inayopanda vilima na magunia hula mafuta zaidi kuliko inayobeba abiria mmoja.

Kama kebo ya mita imekatika, azima pikipiki yenye mita nzima upime njia zako mara moja tu: Mtambile hadi Mkoani, Mtambile hadi Chake, Mtambile hadi Kengeja. Weka namba hizo kwenye simu, kisha uwe unahesabu safari.

Usiichezee rizevu

Pikipiki nyingi za kabureta zina koki ya mafuta chini ya tangi yenye alama za ON, OFF na RES. Ukiendesha kwenye ON, mafuta ya chini kabisa hayatumiki. Injini ikianza kukohoa, unageuza koki kwenda RES na kuelekea sheli moja kwa moja.

Kosa la wengi ni kusahau kuirudisha ON baada ya kujaza. Safari ijayo ikikohoa, huna tena akiba, kwa sababu ulikuwa unaitumia tangu mwanzo.

Pikipiki za kisasa zisizo na kabureta kwa kawaida hazina koki hiyo. Pampu yake hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Kuzoea kuendesha mpaka tangi likauke kunaweza kuiua, na bei yake ni kubwa kuliko ya boya.

Usimulike kwa kiberiti

Usiku wapo wanaofungua tangi na kuwasha kiberiti ili waone. Mvuke wa petroli unashika moto haraka kuliko petroli yenyewe. Zima injini, usivute sigara, mulika kwa tochi ukiwa mbali kidogo na mdomo wa tangi. Au tikisa pikipiki usikilize. Kijiti kikavu na safi pia kinafaa kupimia, mradi hakiachi vumbi ndani.

Ubovu uko wapi?

Taa na mishale yote ya dashibodi imekufa: anza na fyuzi na betri.

Mshale wa mafuta peke yake hausogei: angalia waya na soketi chini ya tangi. Hewa ya chumvi na mvua za masika huleta kutu, na huenda kusafisha tu kukatosha.

Mshale unarukaruka hata njia tambarare: waya umelegea au kijino kimelika.

Tangi limejaa lakini mshale uko E: boya huenda limetoboka, likajaa petroli na kuzama. Au mkono wake umepinda au kukwama.

Kabla ya kununua chochote, mwambie fundi ajaribu hivi, tangi likiwa limefungwa na hakuna mafuta yanayovuja. Achomoe soketi ya waya zinazotoka kwenye tangi, kisha awashe swichi. Halafu aziunganishe kwa muda mfupi waya mbili za upande wa dashibodi. Kwenye geji za mshale, mshale ukitembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, dashibodi ni nzima na ubovu umo ndani ya tangi. Usipotikisika, tatizo ni waya au geji yenyewe. Dashibodi za namba zinahitaji kipimo cha kitabu chake.

Kutoa boya kunafanywa nje, injini ikiwa baridi na tangi limemwagwa. Mpira wa kuzibia uliochakaa ubadilishwe, la sivyo petroli itavujia kwenye injini yenye moto.

Kabla ya kulaumu sheli

Zanzibar, bei ya mafuta hutangazwa kila mwezi na ZURA. Ukitaka kujua umepata mafuta ya pesa yako, soma lita kwenye mashine ya sheli, kisha linganisha na kilomita utakazokwenda. Mshale wa geji mbovu hauwezi kuwa shahidi. Kilomita zikishuka ghafla wakati njia na mzigo ni vile vile, kagua kwanza uvujaji, kabureta na upepo wa matairi, halafu ndiyo uende kuuliza.