Kichocheo: Neno na Kazi Yake katika Historia ya Gliserini

Katika mwaka 1835 Berzelius, mwanachuoni wa Sweden, alichukua neno la Kiyunani lenye maana ya kufungua, akaiita kwalo kazi ya kitu kinachoharakisha mabadiliko ya vitu vingine pasipo chenyewe kuliwa. Kiswahili chasema kichocheo. Mtu aweza kulilaumu neno hili, kwa kuwa kuni zichochewazo huisha. Lakini mpishi wa Ntobeye, huko Ngara, akiisha kuchochea moto kwa kijiti, ndizi huiva na kijiti kingaliko. Basi neno ni sahihi. Kemia ya mafuta ndiyo iliyokawia kulistahili.

Gliserini yenyewe ni ya kale kuliko dizeli. Scheele aliipata mwaka 1779 kwa kuchemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi; Nobel akaitumia katika baruti yake ya mwaka 1867. Ilikuwa mali. Miaka ya 2000 Ulaya na Marekani zilipozidisha dizeli ya mimea, ambayo kila kilo 100 za mafuta huacha karibu kilo 10 za gliserini, bei ikaanguka, na mali ikaitwa mabaki.

Kosa moja lilikuwa la kichocheo. Soda kali huyeyuka ndani ya mchanganyiko. Sharti iuliwe kwa asidi, nayo huacha chumvi ndani ya gliserini wala hairudi tena. Hicho si kijiti, ni ukuni.

Dawa yake ilitokana na kazi nyingine. Mwaka 1935 Adams na Holmes, Waingereza, walitengeneza polima za kubadilishana ioni. Mwaka 1963 Merrifield alifunga molekuli kwenye punje za polistirini. Asidi ikifungwa vivyo hivyo, gliserini na asetoni hutoa solketali, ifaayo kuchanganywa na petroli, na punje huchujwa zikatumika tena. Lakini sodiamu iliyobaki katika gliserini chafu huipokonya punje asidi yake, na joto kali huiharibu.

Tena polistirini hutoka katika petroli, jambo ambalo wasifuo kemia ya kijani hulipita upesi mno. Kwa hiyo makala ya Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya mwaka 2016, juu ya mafuta ya nyonyo, au mbarika kama wasemavyo wengine, yafaa kusomwa: mafuta hayo ni asili ya polima pia, na polima hiyo haihitaji kisima cha petroli.