KUSHIKA, KUHIFADHI AU KUTEGA? HISTORIA FUPI YA MANENO YA REDIO KATIKA MWAMBAO WA ZIWA VICTORIA

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu huanza na kitabu cha kigeni kilichofunguliwa mezani. Makala haya yanaanzia mahali pengine: Mirongo, katika jiji la Mwanza, kata yenye jina moja na mto unaopita mjini na kumwaga maji yake ziwani. Huko, kama katika miji yetu mingi, maneno ya redio yalitumiwa na mafundi na wasikilizaji muda mrefu kabla ya wataalamu kuketi kuyajadili.

Kisa kilichonifanya niandike ni kidogo. Baba yangu mdogo aliishi Mirongo miaka mingi. Alipostaafu alihamia Bukoba, akasafiri na redio yake kubwa ya nyumbani, ile yenye vitufe vyenye namba. Mwanza alikuwa akibonyeza namba 3, naye akapata stesheni aipendayo mara moja. Bukoba alibonyeza namba 3 akasikia mvumo mtupu. Namba 4, mvumo. Namba 5, muziki asioujua. Aliyemuuzia alimwambia kuwa redio hiyo "imehifadhi stesheni zake". Basi akaipeleka kwa fundi, akalipa fedha za matengenezo, ilhali redio ilikuwa nzima. Nilipomtembelea aliniuliza, "Mwanangu, kama ilizihifadhi, imezipeleka wapi?" Sikuwa na jibu jepesi, kwa maana kosa halikuwa la mzee. Lilikuwa la neno.

Ili kuelewa kosa hilo, hatuna budi kurudi nyuma. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa watu wa mji huo stesheni ilikuwa kwanza mahali pa garimoshi. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Neno stesheni likapanda kutoka relini hadi hewani. Kando yake lilisimama neno kituo, lenye asili ya kitenzi kutua, na neno idhaa lenye asili ya Kiarabu. Maneno haya matatu hayakugombana, bali yaligawana kazi. Idhaa ikawa huduma au mkondo wa matangazo, kama vile Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara za RTD, au Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza tarehe 27 Juni 1957. Kituo kikapendwa na waandishi. Stesheni ikabaki kinywani mwa watu.

Vitenzi navyo vina historia. Watu walisema kufungua na kufunga redio, kana kwamba ni mlango au bomba. Baadaye wakasema pia kuwasha na kuzima, kama taa. Redio yenye nguvu ilisifiwa kwa kusemwa kuwa inashika au inakamata mbali. Katika mwambao wa ziwa sifa hiyo haikuwa ya bure. Usiku mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi kuliko mchana, kwa kuwa tabaka la chini la anga linaloyameza mchana hufifia jua likishatua, na tabaka la juu huyarudisha ardhini. Hivyo msikilizaji wa Mwanza aliweza kuzungusha mshale akasikia matangazo ya nchi jirani.

Tuangalie kwa makini neno masafa. Kiasili ni umbali. Katika siku za mawimbi mafupi na ya kati lilifaa sana, kwa sababu mtangazaji alitaja urefu wa wimbi kwa mita: mitabendi ya 31, mitabendi ya 60. Urefu wa wimbi ni umbali kweli. Baadaye redio zikaanza kuonyesha kilohezi na megahezi, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, lakini neno masafa halikubadilika. Leo tunasema "masafa ya megahezi 98" ingawa idadi ikiongezeka urefu wa wimbi hupungua. Neno lilihama maana yake kimyakimya, wala hapakutokea madhara makubwa. Si kila neno lihamalo huwa na bahati hiyo.

Je, mtu alihitaji lini kuwekewa stesheni tayari? Marekani redio zenye vibonyezo vya kuchagulia stesheni zilienea katika miaka ya 1930. Kibonyezo kilisukuma vyuma vya ndani mpaka mahali palipopimwa mapema. Kwetu haja hiyo ilichelewa. Kwa miaka mingi redio ya kijijini ilihitaji stesheni moja tu. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walishiriki katika vikundi, wakisikiliza vipindi vya RTD na kuvijadili pamoja. Mshale ukishafika mahali pake, hapakuwa na sababu ya kuusogeza. Aliyeogopa watoto kuuchezea aliweka alama ya wino kwenye kioo. Alama ile ndiyo babu wa kitufe chenye namba.

Mambo yaligeuka baada ya Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993, iliyofungua njia kwa stesheni za watu binafsi. Katika miaka hiyo ya 1990 Mwanza yenyewe ikapata Radio Free Africa, na mawimbi ya FM yakajaa. Wakati huohuo redio zenye kumbukumbu za kielektroniki zilikuwa zikienea duniani. Ndani ya redio hizo hakuna mshale wala uzi wa kuuvuta. Kuna saketi inayolinganisha mitikisiko na kipande cha kwatzi, ikipanda na kushuka kwa hatua sawasawa, na kumbukumbu inayoandika namba ya hatua iliyochaguliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kinachoandikwa ni namba, si stesheni. Stesheni moja inayosikika miji mingi kwa FM hutumia masafa tofauti mji kwa mji, ili mitambo yake isiingiliane. Redio ya baba mdogo ilikumbuka namba za Mwanza. Bukoba namba hizo hazikuwa na mwenyewe. Mafundi wanayo mifano mingine. Kwa Mpango wa Geneva wa mwaka 1975, ulioanza kutumika tarehe 23 Novemba 1978, stesheni za masafa ya kati za Afrika zimepangwa kwa kuachana kilohezi 9, ilhali za Amerika huachana kilohezi 10. Redio iliyotoka Marekani bila swichi ya kubadili hatua hutoka 600 hadi 610, ikairuka 603. Kadhalika redio za magari yaliyotumika Japani, ambako FM huanzia megahezi 76, hushindwa kufika juu mpaka zifungiwe kifaa cha kuhamisha masafa. Katika mifano yote hii chombo ni kizima. Kilichopotoka ni matarajio ya mwenye chombo.

Sasa tupime maneno. Vijana husema kusevu. Neno hili limekwisha kuenea, nalo halina ubaya kwa picha au barua, maana kitu chenyewe hubaki ndani ya mashine. Kuhifadhi ni neno zuri zaidi kwa sura, lakini lina kasoro ileile, na kwa kuwa ni letu hutudanganya zaidi: akiba iliyohifadhiwa hufuatana na mwenyewe.

Utaratibu unaofahamika wa kuunda istilahi wataka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lugha nyingine za Kibantu kabla ya kukopa mbali. Tukitafuta tutakuta kutega. Twasema kutega saa ili ituamshe alfajiri. Twasema kutega sikio. Na mvuvi wa ziwani hutega nyavu: huchagua mahali majini, akaziacha hapo, akatumaini. Hadai kwamba amehifadhi samaki. Samaki wakihama, au yeye akihamia ghuba nyingine, hana budi kutega upya. Kila sehemu ya maana hiyo yalingana na kazi ya kile kitufe.

Kwa hiyo napendekeza kutega stesheni kwa kitendo, na stesheni iliyotegwa kwa kilichochaguliwa. Namba iliyo juu ya kitufe na iitwe namba ya mtego. Najua litakalopingwa: kutega kuna harufu ya hila, na mtego ni wa panya. Najibu kwamba aliyetega saa hakumfanyia mtu hila, na muktadha hutosha kuondoa shaka.

Jaribio la neno si kwenye kamati peke yake. Nilimweleza baba mdogo kwamba redio yake ilikuwa imetegwa Mwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe! Basi nitege huku." Akaanza kuzitafuta mwenyewe, namba moja baada ya nyingine, bila kumlipa mtu. Wasomaji wa mwambao wa bahari, wa Kigoma na wa kwingineko, walio na neno lililo bora kuliko hili, na walilete lipimwe.