Jeni Mbili, Kazi Moja

Naitwa Doto. Kwa Wasukuma, jina hilo peke yake linaeleza kwamba kuna Kulwa aliyenitangulia kuzaliwa. Kulwa alifariki kwa malaria tukiwa na miaka 9. Siku za msiba niliwasikia wazee wakimfariji mama: "Mama Kulwa, mshukuru Mungu, amekubakizia mwingine." Mama hakuwajibu. Miaka mingi baadaye, nikisoma jenetiki chuoni, nilikutana na habari za bakteria mmoja zilizonirudisha kwenye mkeka ule wa msiba.

Habari zenyewe zinaanzia Stanford, California, mwaka 1922. Katika kinyesi cha mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu ya dondakoo, wataalamu walitenga bakteria aina ya Escherichia coli, wakamhifadhi kwa jina la K-12. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walimtumia kuonyesha kwamba bakteria nao huchanganya jeni zao. Baada ya hapo K-12 alisambaa katika maabara nyingi duniani, na mengi tunayofundishwa kuhusu jeni yalipatikana kwake.

Njia ya watafiti wa wakati ule ilikuwa rahisi kueleza: haribu jeni moja, kisha tazama bakteria ameshindwa nini. Chukua mfano wa arginini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. K-12 huitengeneza mwenyewe kwa hatua kadhaa, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Ukiharibu jeni ya hatua mojawapo, bakteria hawezi tena kukua mpaka alishwe arginini. Hapo unajua umeigusa jeni uliyokuwa ukiitafuta.

Hatua moja ilikataa kufuata kanuni hiyo. Ni ile inayogeuza ornithini kuwa sitrulini, kwa kimeng'enya kiitwacho ornithini transkabamilesi. Mwaka 1967 Nicolas Glansdorff na wenzake, huko Ubelgiji, walieleza sababu: K-12 ana jeni mbili za kimeng'enya hicho, argF na argI, kila moja mahali pake kwenye kromosomu. Ukiharibu moja, bakteria anaendelea kukua bila kulishwa chochote. Lazima uharibu zote mbili ndipo pengo lionekane.

Nilipofika hapo nilifunga daftari. Wale wazee walikuwa wamesema jambo hilohilo.

Niliporudi kusoma, nilikuta kwamba mambo hayakuishia hapo. Aina nyingine za E. coli zinazotumika maabara, kama B na W, zina argI tu. Katika K-12, argF imebanwa huku na huku na vipande vya DNA vinavyoitwa IS1, ambavyo vina tabia ya kuhama na kubeba jeni za jirani. Jeni hizi mbili zinafanana sana, lakini herufi zao si zilezile, na kila moja ina njia iliyopitia. Kwa hiyo yule bakteria ambaye dunia nzima ilimchukua kuwa mfano wa wenzake alikuwa, kwa jambo hili, tofauti nao.

Binadamu nasi tuna kimeng'enya hicho, chenye asili moja na cha bakteria. Kwetu kinafanya kazi hasa kwenye ini, kikisaidia kuondoa amonia, sumu itokanayo na protini tunazokula. Jeni yake ni moja tu, nayo iko kwenye kromosomu X. Mvulana hupata X moja, kutoka kwa mama. Nakala hiyo ikiwa mbovu, hana nyingine.

Jesse Gelsinger, kijana Mmarekani, alikuwa na aina nafuu ya ugonjwa huo, akiishi kwa kuchagua vyakula na kumeza dawa nyingi. Septemba 1999, akiwa na miaka 18, alijitolea katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako alidungwa nakala nzima ya jeni hiyo ikiwa imebebwa na virusi. Mwili wake uliwapokea virusi hao kwa ukali mno. Alifariki siku 4 baadaye. Kile ambacho K-12 alikuwa nacho bila kukiomba, kwa Jesse kilitafutwa kwa gharama ya uhai.

Likizo ile nilimsimulia mama haya yote, tukichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao bakteria, jeni moja ikifa, ile nyingine inajua?"

"Haijui, mama. Inaendelea na kazi tu."

"Basi hao wana nafuu," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Mtaani kwetu bado anaitwa Mama Kulwa. Aliwahi kutokea mtu, kwa nia njema, akamwita Mama Doto. Mimi ndiye niliyemsahihisha.