Historia ya Maneno "Used To"

Ukiambiwa uandike insha ya Kiingereza juu ya utoto wako, huenda ukaandika hivi: "When I was young I use to herd goats." Mwalimu atapiga mstari mwekundu chini ya "use", nawe utaongeza herufi moja bila kuuliza sababu. Yafaa uulize, kwani ndani yake mna historia ya miaka mingi.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini ya Ufaransa waliishinda Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa. Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiingereza kwa njia hiyo ni kitenzi "use", ambacho asili yake ni Kilatini. Maana yake haikuwa kutumia tu, bali kuzoea pia. Maana kitu ukitumiacho kila siku ndicho ulichokizoea. Basi Waingereza wa kale waliweza kusema "I use to rise early", yaani, mimi huamka mapema. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, alilitumia umbo hilo la wakati uliopo, na Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611 inalo katika Zaburi ya 119. Baadaye likachakaa, watu wakaliacha, likabaki la wakati uliopita peke yake. Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye leo "I use to wake at five", akikusudia desturi yake ya sasa, amekosa. Lakini mtu wa London wa mwaka 1600 asingemcheka!

Kosa hilo latujia kwa urahisi kwa sababu ya "hu" yetu. Kiambishi hiki hakitaji mtu wala wakati. Mimi huchunga, wewe huchunga, babu zetu zamani huchunga. Msikilizaji huutambua wakati kwa maneno mengine. Tukitaka kuubainisha twasema "nilikuwa nikichunga", na hapo ndipo tunapokaribiana na "I used to herd". Lakini desturi ya sasa Mwingereza huitaja kwa kitenzi kitupu: "I herd goats."

Sikio nalo hutudanganya. Katika kusema, "d" ya "used" humezwa na "t" ifuatayo, hata watoto wa Kiingereza wenyewe huiacha wanapoandika. Iandike daima, isipokuwa baada ya "did": "I did not use to eat fish." Hapo wakati uliopita umekwisha kuchukuliwa na "did".

Lililo zito zaidi ni maana. Maneno haya kwa kawaida humwambia msomaji kwamba jambo lilikuwako na sasa limekwisha. Mwanafunzi akiandika "I used to love my grandmother", naye hakukusudia ila kusifu mapenzi ya utotoni, msomaji ataelewa kwamba sasa hampendi tena. Sarufi haina kosa hata moja, lakini bibi wa watu ameonewa. Aandike "I have always loved my grandmother", au, ikiwa bibi amekufa, "I loved my grandmother".

Liko na neno la pili la kazi hiyo, nalo ni "would". Hili ni la Kiingereza cha asili, tangu kabla ya Wanormani. Ni wakati uliopita wa "will", ambalo hapo kwanza maana yake ilikuwa kutaka. Usistaajabu: "ta" yetu ya wakati ujao yatokana na "taka", na mpaka leo twaliona neno zima katika "atakayekuja". Waingereza waliona kwamba alitakalo mtu mara kwa mara ndiyo tabia yake. Ndipo "he would sit under the tree" ikawa desturi ya kukaa chini ya mti.

Lakini asili hiyo imeliwekea mpaka. "Would" hufaa vitendo vinavyorudiwa, wala haifai hali iliyodumu, kama kukaa mahali au kuwa na kitu. Usiandike "We would have a big house in Nyeri", kwani msomaji atangoja umwambie mngekuwa nayo kama nini kingetokea. Anza na "used to" ili msomaji ajue kwamba mambo ni ya zamani, kisha endelea na "would": "We used to live near the river. Every evening my grandfather would call us, and we would run to him."