Frioul: Visiwa vya Karantini vya Marseille

Mbele ya Marseille, mji wa bandari wa kusini mwa Ufaransa uliotajirika kwa biashara ya Bahari ya Mediterania, viko visiwa vinne vya mawe ya chokaa vinavyoitwa Frioul, navyo ni Pomègues, Ratonneau, If na Tiboulen. Wengi hukijua If tu, kwa ajili ya ngome iliyojengwa huko kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza na baadaye kugeuzwa gereza, ambamo Alexandre Dumas alimfunga shujaa wa riwaya yake. Lakini uhai na mauti ya watu wa Marseille vilitegemea zaidi Pomègues, kisiwa cha karantini, yaani mahali palipotengewa meli zilizoshukiwa kubeba maradhi.

Kila nahodha aliyetoka Mashariki ya Mediterania alitakiwa kuonyesha hati ya afya, waraka ulioeleza kama bandari alikotoka ilikuwa salama, yenye shaka au yenye tauni, na maofisa wa afya wa mji ndio waliopima siku za kumtenga. Utaratibu huo ulikuwa imara, na waliouvunja ni wale wale waliokabidhiwa kuulinda. Tarehe 25 Mei 1720 ilifika Grand-Saint-Antoine, meli ya nahodha Jean-Baptiste Chataud, ambayo ilikuwa imekwisha kufiwa na watu kadhaa safarini, akiwemo tabibu wake; hata hivyo, sehemu ya shehena yake ya vitambaa na pamba ilikuwa mali ya Jean-Baptiste Estelle, mmoja wa wakuu wa mji, na ilikusudiwa kuuzwa kwenye gulio la Beaucaire mwezi Julai. Bidhaa zikateremshwa katika majengo ya karantini yaliyokuwa kando ya mji, nyingine zikapenyezwa kwa magendo, na tauni ikaua watu wapatao 40,000 kati ya wakazi 90,000 hivi, wengi wao maskini ambao hawakuwa na hisa hata moja katika shehena ile.

Karne moja baadaye, homa ya manjano ilipozuka Barcelona mwaka 1821, Pomègues na Ratonneau viliunganishwa kwa ukuta wa mawe baharini, na Ratonneau kikajengewa Hospitali ya Caroline (1823–1828), kazi ya msanifu Michel-Robert Penchaud, mahali palipo wazi kwa mistral, upepo mkali wa kaskazini ulioaminiwa kusafisha hewa, kwani wakati huo haikujulikana bado kwamba homa hiyo huenezwa na mbu.